Deni Lililokuwa Likiniamsha Saa Tisa Usiku

Kwa muda wa miezi mitano nilikuwa nikiamka kila usiku saa tisa, bila kelele wala ndoto mbaya, moyo ukienda mbio kama wa mtu aliyekimbizwa. Nilikuwa nimechukua mkopo wa riba kubwa, wa aina ile ambayo sisi wa Dar es Salaam tumeipa jina la kausha damu, ili nimalizie ada ya mtoto na kodi ya nyumba, na mume wangu hakujua. Marejesho yalikuwa kila Ijumaa. Simu ikiita Alhamisi jioni, viganja vyangu vililowa jasho kabla hata sijatazama ni nani anayepiga. Nilipima malaria, sikuwa nayo. Hedhi ilivurugika, mafua hayakunitoka, na kiungulia kilinifanya niamini kwamba nina vidonda vya tumbo.

Siku nilipokwenda zahanati, muuguzi alinifunga kipimo cha presha mkononi, akakitazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada yangu, kaa utulie dakika tano, nitapima tena." Mara ya pili kilisoma 156 kwa 98. Daktari aliponiuliza kama kuna jambo linalonisumbua nyumbani, nililia mbele yake.

Alinieleza kwa upole, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma habari hizi. Juu ya kila figo ipo tezi ndogo. Ubongo ukihisi hatari, tezi hizo humwaga adrenalini ndani ya sekunde chache, mapigo ya moyo yakaongezeka na presha ikapanda; homoni ya kortisoli hufuata taratibu, ikafikia kilele baada ya dakika 20 hadi 30, ikaliamuru ini lizidi kutoa sukari kwenye damu huku kazi zinazoweza kusubiri, kama vile uyeyushaji wa chakula na mpangilio wa uzazi, zikipunguzwa. Mtu anayemkimbia nyoka huitumia sukari hiyo miguuni, hatari ikapita, na mwili ukarudi katika hali yake. Mimi nilikuwa nimekaa kitini nikiitazama simu, na nyoka wangu alirudi kila wiki.

Kortisoli si adui, kwa maana bila hiyo hatuwezi kuishi. Kwa kawaida huwa chini kabisa karibu na saa sita usiku, huanza kupanda kuelekea alfajiri, na hufikia kilele takribani nusu saa baada ya kuamka, ili tupate nguvu ya kuianza siku. Madhara huja pale ambapo hofu haiishi na mpangilio huo ukavurugika: usingizi hukatika, kinga ya mwili hulegea, mafuta hujikusanya tumboni, na sukari na presha huwa vigumu kudhibitiwa.

Kuhusu vidonda vya tumbo naomba nieleweke vizuri, kwa sababu wengi wetu huamini kwamba huletwa na mawazo. Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria ambaye ndiye chanzo kikubwa cha vidonda hivyo. Chanzo kingine ni baadhi ya dawa za maumivu. Msongo wa mawazo huweza kuzidisha maumivu, lakini bakteria hatibiwi kwa kupumzika, kwa hiyo nenda ukapimwe. Vilevile, presha iliyopanda siku moja haitoshi kusema una ugonjwa, na aliyekwisha kuandikiwa dawa asiziache kwa sababu amesoma makala kama hii.

Jirani alinipa vidonge vya usingizi alivyonunua dukani bila cheti. Nilivimeza siku nne, nikaviacha, na ninashukuru, kwa kuwa dawa za aina hiyo hujenga utegemezi haraka. Kilichonisaidia zaidi kilikuwa kuacha chai ya rangi ya saa mbili usiku, kwani saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini. Nilianza pia kushuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya nyumbani na kutembea, hivyo miguu ikapata kazi ambayo mwili ulikuwa umejiandaa kuifanya tangu asubuhi. Na Alhamisi, kabla ya kupokea simu, nilivuta pumzi kisha nikaitoa polepole zaidi kuliko nilivyoivuta, mara kumi, kwa kuwa moyo hupunguza kasi tunapotoa pumzi.

Hata hivyo, yote hayo yalikuwa kupoza moto huku kuni zikiwa bado zimo jikoni. Usingizi ulirudi wiki ileile niliyomwambia mume wangu. Aliudhika, na alikuwa na haki; kisha tukachukua daftari la mtoto, tukaandika kila deni na tarehe yake, tukauza friji la biashara ya juisi, na salio tukalilipa kwa mkopo wa kikoba wenye riba ndogo. Ikiwa hofu yako imefikia mahali pa kutamani kufa, au kifua kinabana na kuuma, usisubiri kuandika daftari. Mwambie mtu sasa hivi akupeleke hospitali.

Baada ya miezi mitatu kipimo kilisoma 132 kwa 84, na muuguzi yuleyule ananitaka nirudi kila mwezi. Simu yangu siku hizi hulala sebuleni, nami huamshwa na adhana ya alfajiri.