Kuendelea na Kifaransa au kukiacha: hesabu saa kabla ya alama

Mdogo wangu, umesema umesoma Kifaransa miaka 3, alama zinacheza kwenye 68, na sekondari ya juu umebakiwa na nafasi ya somo moja: Kifaransa au kompyuta. Wengi wamekwambia uangalie alama. Mimi nasema ziweke pembeni kwanza, shika kikokotoo.

Vipindi 4 vya dakika 40 kwa wiki, mara wiki 36, ni saa 96 kwa mwaka. Miaka 3 ni saa 288. Kwenye zile ngazi za Baraza la Ulaya za kupima ujuzi wa lugha, A1 ya chini kabisa hadi C2 ya juu, kufika B1 kwa lugha kama Kifaransa hukadiriwa kuchukua saa 350 hadi 400 za kufundishwa. Kwa hiyo umepita A2 na B1 hujaifika, na hapo ndipo pabaya kuliko pote pa kuachia. Mtu wa A2 anakwama kila mstari wa gazeti, hivyo akitoka darasani lugha haina pa kuishi, inakauka. Wa B1 anaweza kujiendesha kwa redio na vitabu vyepesi. Mwaka mmoja zaidi unakufikisha saa 384, miwili 480. Vipindi vinavyoliwa na mitihani uvitoe, usijidanganye.

Swali gumu ni kama hizo 288 ziliingia kichwani. Ile 68 haisemi, maana mitihani ya madarasa ya chini mara nyingi ni kujaza nafasi na mazungumzo ya kukariri. Funga daftari, jipe dakika 15, andika sentensi 10 za ulichofanya jana na hali ilivyokuwa. Ukiteleza mara moja ukaandika "j'ai allé" badala ya "je suis allé", yaani nilienda (au "allée" kama ni msichana), si neno. Lakini kama sentensi zote zimekaa wakati uliopo, au hujui kwa nini mvua iliyokuwa ikinyesha ulipotoka ni "il pleuvait" na si "il a plu", msingi una tundu. Kisha sikiliza mara mbili rekodi ngeni ya dakika moja, uandike ulichopata. Wengi huanguka hapa: "j'ai mangé" (nilikula) na "je mangeais" (nilikuwa nikila) zinakaribiana mno masikioni, na darasani sikio hupewa muda kidogo.

Tundu hilo linazibika likizoni kwa nusu saa kila siku, ukianza na vitenzi vinavyotumia "être" (kuwa) katika wakati uliopita, kama hicho cha "je suis allé". Ukiliacha utaumia, maana kule juu unaandika insha ya kutetea hoja, "il faut que" (ni lazima) inakuja na maumbo mapya ya vitenzi kama "fasse", "aille" na "puisse", na mwalimu harudi nyuma.

Kuhusu aliyekushauri uhamie Kichina: chuo kinachofunza lugha wanadiplomasia wa Marekani kinakipa wiki 88, saa 2,200 za darasani. (Kiswahili chetu kimepewa wiki 36 tu.) Na hao ni watu wazima wanaosoma kutwa. Wewe kwa miaka 2 utapata saa 192, kuanzia sifuri.

Kompyuta ishinde katika hali moja: kozi unayoitaka chuoni inaidai. Andika kozi 3, soma masharti ya kila moja. Nyingine zinadai lugha ya kigeni, na hapo ubishi umekwisha. "Nitapumzika mwaka nirudi" usiihesabu kama njia ya tatu. Msamiati unapukutika, na wenzako watakuwa saa 96 mbele.

Ukiamua kuacha, usitoke mikono mitupu. Fanya kwanza DELF, mtihani rasmi wa Ufaransa wa kupima Kifaransa kwa ngazi, lugha ingali moto: A2 kama lile jaribio la sentensi 10 lilikupiga chenga, B1 kama ulilipita vizuri. Ina sehemu 4 za alama 25, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kufaulu ni 50 kwa 100, lakini ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeanguka hata jumla ikiwa 70, kwa hiyo usikimbie kusikiliza. Cheti chake hakiishi muda, tofauti na TCF, mtihani mwingine wa Kifaransa, ambayo matokeo yake hudumu miaka 2. Ukibaki, lenga DELF B2, kwa sababu mwenye nayo vyuo vikuu vingi vya Ufaransa havimdai mtihani mwingine wa lugha.