Kumbukumbu za gereji: anza na kadi ya kazi

Ndugu yangu, umeeleza kwamba gereji yako ya Dodoma ina daftari moja tu, na kwamba wateja hubishana nawe kuhusu spea zilizofungwa na fedha zilizolipwa. Daftari la mapato peke yake haliwezi kumaliza ubishi huo, kwa sababu linaonyesha fedha iliyoingia bila kuonyesha kazi iliyofanyika.

Kila gari linapoingia, lifungulie kadi ya kazi yenye namba ya usajili, kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, tatizo kama mteja alivyolieleza, na makadirio ya gharama ambayo mteja ameyatia saini kabla fundi hajafungua boliti hata moja. Gharama ya ufundi iandikwe mbali na ya spea, na spea aliyoileta mteja mwenyewe itajwe hivyo waziwazi, kwani hiyo ndiyo inayozua lawama ikiharibika mapema. Malipo ya awali nayo yaandikiwe risiti, hata yakipitia simu.

Risiti za dukani zipige picha siku hiyohiyo, maana maandishi ya karatasi za mashine za EFD (mashine za kielektroniki za kutolea risiti) hufifia, hasa zikikaa kwenye joto. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5, na mkaguzi wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hawezi kukubali matumizi yanayothibitishwa kwa karatasi nyeupe.