Kabla ya Kuogopa Asilimia, Uliza Ilipimwaje

Baba alipofanyiwa bayopsi ya tezi dume, yaani kutolewa vipande vya nyama kwa sindano ili vipimwe, mwaka juzi hapa Nairobi, mimi ndiye niliyekabidhiwa chupa mbili za fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, nizipeleke maabara, moja ikiwa imeandikwa "kulia" na nyingine "kushoto", nami nikazipakata ndani ya matatu kama mtu aliyebeba mayai. Ripoti iliporudi ilikuwa na sentensi iliyotunyima usingizi: saratani imeshika asilimia 80 ya kipande kimoja cha kushoto. Baba, ambaye alifundisha hesabu hadi alipostaafu, aliisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza, "Asilimia 80 ya nini?" Namshauri kila mwenye mgonjwa wa aina hii aanze na swali hilohilo.

Haikuwa asilimia 80 ya tezi. Bayopsi ya kawaida huchukua vipande 12, yaani 6 kila upande, kwa sindano inayotoa uzi wa nyama mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, wenye urefu wa sentimita moja na ushei, na asilimia iliyoandikwa ilihusu uzi huo mmoja tu. Kwamba vipande vingine havikuonyesha saratani yoyote kulikuwa kumeelezwa kwenye mstari uliofuata, ila sote wawili tuliuruka kwa hofu.

Tuliomba slaidi zilezile, yaani vioo vilivyowekwa nyama iliyokatwa nyembamba, zisomwe na daktari mwingine wa patholojia, anayechunguza nyama kwa hadubini, naye akaandika asilimia 21. Nilidhani zimechanganywa na za mgonjwa mwingine. Daktari hakukasirika, aliweka nukta za wino wa kijani juu ya kioo, pale saratani ilipoanzia na pale ilipoishia, kisha akasema, "Mzee, sogea upime mwenyewe." Kipande kilikuwa na urefu wa milimita 14. Karibu na ncha moja palikuwa na doa la milimita 1, karibu na ncha ya pili doa la milimita 2, na katikati yake milimita 8 za nyama isiyo na ugonjwa. Daktari wa kwanza alikuwa amepima tangu mwanzo wa doa la kwanza hadi mwisho wa doa la pili, akapata 11, ambayo ni karibu asilimia 80 ya 14. Huyu alijumlisha madoa peke yake, akapata 3. Baba alirudia hesabu hiyo nyuma ya bahasha na kukiri kwamba hakuna aliyekosea.

Wanaopima mwanzo hadi mwisho husema kwamba huenda madoa hayo ni uvimbe mmoja unaojipindapinda, ambao sindano imeukata mahali pawili. Wanaojumlisha hujibu kwamba nyama isiyo na ugonjwa haiwezi kuhesabiwa kuwa saratani. Mimi si daktari, lakini naona ripoti ya haki ni ile inayotaja vipimo vyote viwili, kwa milimita na kwa asilimia, na kueleza kwamba kuna pengo katikati.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito kwetu kwa sababu alama ya Gleason ya Baba, inayoonyesha ukali wa saratani ya tezi dume, ilikuwa 3+3, daraja la chini kabisa. Katika vigezo vya Epstein vya mwaka 1994, ambavyo madaktari wengi bado huvirejelea, saratani ya daraja hilo huhesabiwa kuwa ndogo ikiwa vipande vilivyoathirika havifiki 3 na hakuna hata kimoja kilichoshikwa zaidi ya nusu, pamoja na masharti mengine yanayohusu PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu. Asilimia 80 ilikuwa inamsukuma Baba kwenye upasuaji. Asilimia 21 ilimruhusu kufuatiliwa kwa karibu. Kama alama yake ingekuwa 4+4, mabishano haya ya milimita yasingebadilisha mengi, kwani kwa kawaida angehitaji matibabu kwa vyovyote.

Jambo jingine ni zile chupa. Kwenye chupa ya kulia viliingia vipande 6, lakini vilivunjika na kushikamana hata maabara ikahesabu 9. Kwa bahati havikuwa na ugonjwa. Vingekuwa nao, nani angejua kama ni vipande vitatu vilivyoathirika au ni kimoja kilichokatika vipande vitatu? Kabla ya sindano, mwombe daktari aweke vipande vichache katika kila chupa na aandike kila kimetoka sehemu gani ya tezi. Na ukitaka kusomewa upya, usibebe fotokopi ya ripoti pekee: omba slaidi zenyewe pamoja na vitalu vya nta ambamo nyama iliyobaki imehifadhiwa, utie sahihi kwenye daftari la maabara, uvirudishe baadaye.