Maswali yenu ya wiki hii: mawese, lehemu na mtafiti wa kuvu

Shikamoo daktari. Napika chakula Kibirizi. Siku hizi wateja wanaukwepa mchuzi wangu wa mawese, wanasema umejaa lehemu (kolesteroli). Ni kweli? (Mama ntilie, Kigoma Mjini)

Marahaba, mwanangu. Lehemu ya kwenye chakula hutoka kwa wanyama: maini, mayai, nyama, siagi. Nyingine, tena sehemu kubwa, hutengenezwa na miili yetu, hasa ini. Mawese ni ya mchikichi, kwa hiyo hayana lehemu ya kutisha. Lakini wateja wako hawajakosea kabisa. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda, na hayo hulifanya ini lizembee kuiondoa lehemu mbaya, ile inayoziba mishipa, kwenye damu. Mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, yamezidi: zaidi ya robo tatu ni ya aina hiyo.

Sitakuambia uyaache. Ule wekundu wake mwili huugeuza kuwa vitamini A, ila ukiyachoma mpaka yakawa meupe, umeupoteza. Punguza kipimo cha mafuta katika kila chungu, na samaki wako wa mgebuka umchome au umchemshe badala ya kumzamisha kwenye mafuta.

Niko kidato cha tano, PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Nataka kuwa mtafiti wa magonjwa ya moyo. Kazi hiyo ikoje, na mtoto wa mkulima wa tumbaku anaiweza? (Mwanafunzi, Tabora)

Anaiweza. Akira Endo alizaliwa mwaka 1933 katika familia ya wakulima huko Akita, kaskazini mwa Japani. Aliajiriwa na kampuni ya dawa ya Sankyo, na mwaka 1966 akaenda New York kwa utafiti. Huko aliona jinsi ugonjwa wa moyo unavyowaandama watu wazima. Akarudi nyumbani na swali moja: ikiwa mwili wenyewe hutengeneza lehemu, je, kuna kuvu inayotoa kemikali ya kuizuia? Aliwaza kwamba kuvu huenda hujilinda na vijidudu vingine kwa silaha ya namna hiyo.

Kuanzia 1971, yeye na wenzake wachache walipima aina zaidi ya 6,000, moja baada ya nyingine. Mwaka 1973 wakaipata kemikali hiyo kwenye kuvu ya jamii ya penisiliamu. Wakawapa panya, na lehemu haikushuka hata kidogo. Kazi ikakaribia kufungwa. Hapo ndipo ninapompenda mzee huyu: akageukia kuku wanaotaga, kwa sababu yai lina lehemu nyingi, kwa hiyo kuku anayetaga lazima aitengeneze kwa wingi. Kwa kuku ikashuka. Mwaka 1978 ikajaribiwa kwa wagonjwa waliorithi lehemu ya juu, nako ikafanya kazi. Mwaka 1980 kampuni ikausimamisha mradi kwa hofu ya madhara yaliyodhaniwa kuonekana kwa mbwa, na dawa ya kwanza ya jamii hiyo, inayoitwa statini, kuruhusiwa sokoni, mwaka 1987, ikawa ya kampuni nyingine, Merck ya Marekani. Nobeli hakuipata. Waliipata Michael Brown na Joseph Goldstein mwaka 1985, kwa kueleza jinsi seli zinavyoivuta lehemu kutoka kwenye damu. Endo alifariki mwaka 2024, na mamilioni ya watu wanameza vidonge vilivyoanzia kwenye kuvu yake.

Kwa hiyo ukimaliza kidato cha sita, omba udaktari au sayansi ya maabara, Muhimbili au Bugando, kisha uendelee na shahada ya uzamili. Na takwimu usizikimbie. Wengi huzikimbia, halafu hukwama hapo.

Wamasai wanakunywa maziwa na kula nyama, na mioyo yao mizima. Mbona mnatutisha? (Msomaji, Igunga)

Swali zuri, na lilishafanyiwa utafiti kwenye ardhi yetu. Mwaka 1964 Mmarekani George Mann na wenzake walichapisha vipimo vya Wamasai wa Tanganyika: lehemu yao ilikuwa chini na ugonjwa wa moyo ulikuwa nadra. Mwaka 1972 wakachapisha uchunguzi wa maiti za wanaume 50. Kuta za mishipa ya moyo zilikuwa zimenenepa kwa mafuta kama za wazee wa Marekani, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikapata njia. Mann aliona siri iko kwenye mwendo wao wa kila siku. Ukitaka nyama ya Kimasai, ndugu yangu, chukua na miguu ya Kimasai, bodaboda haimo.

Nimemeza statini miezi mitatu, lehemu imeshuka. Niache? (Mzee, Kasulu)

Hapana, mzee wangu. Kidonge hulizuia ini kwa muda kinapokuwa mwilini tu. Ukiacha, baada ya wiki chache lehemu hurudi ilipokuwa. Misuli ikikuuma sana au mkojo ukageuka rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo, na boksi la dawa ulibebe.