Kutenganisha koo zilizooana katika Virginia ya kikoloni

Ndugu, umeuliza utawatenganishaje akina Randolph wa Virginia (koloni la Kiingereza huko Amerika), ambao katika karne ya 17 na 18 walioana na kurithishana majina. Anza na majina ya kwanza, kwa kuwa mara nyingi ndiyo yaliyohifadhi ukoo wa mama: Isham Randolph, babu yake Rais Thomas Jefferson wa Marekani kwa upande wa mama, aliitwa hivyo kwa sababu mama yake, Mary, alizaliwa katika ukoo wa Isham. Kisha soma wosia pamoja na hati za mauzo ya ardhi, ambamo mke huachilia haki yake katika shamba la mumewe na jina lake hujitokeza. Neno “ndugu” lisikudanganye, kwani enzi hizo hata shemeji aliitwa ndugu (nasi hatuna haki ya kuwacheka). Tarehe nazo zina mtego: kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25, hivyo mtoto wa Februari 1731 alizaliwa baada ya harusi ya Juni 1731, si kabla yake. Kumbukumbu za kaunti kadhaa ziliteketea Richmond, mji mkuu wa Virginia, mwaka 1865. Zikikosekana, tafuta katika kaunti jirani walikokuwa na mashamba.