Hesabu kuwasha, usihesabu masaa: kwa anayetaka kuitia ndege ya Cessna 206 injini ya tabaini hapa Dodoma

Usilipe. Kama hela bado iko benki, iache huko huko mpaka umalize kusoma hapa.

Nimeliona swali lako jana usiku. Una Cessna 206 ya pistoni, avigasi, ile petroli ya ndege ndogo, inakusumbua kuipata, dalali amekuletea injini ya tabaini (inayoendeshwa na gesi ya moto inayozungusha magurudumu badala ya pistoni) iliyotumika ambayo "bado ina masaa mengi", na unataka kujua mambo manne: kama inafaa, propela ipi, bima itakuwaje, na rubani wako asomee nini. Ya propela na bima yatasubiri. Mkuu, hayo maneno "bado ina masaa mengi" ndiyo yaliyoniamsha kitandani. Mdogo wangu, tunayemiliki naye ndege yetu, aliambiwa hivyo hivyo, neno kwa neno. Akanipigia simu sauti imejaa furaha, nami nikamjibu: lipa.

Tabaini yenyewe sina ugomvi nayo, tuelewane. Uwanja wetu uko mita 1,119 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto la nyuzi 30 hewa ya hapa inakuwa nyepesi kama ya mahali palipo zaidi ya mita 1,900, na pistoni yako ya nguvu farasi 300 unaijua inavyohangaika ikiwa na watu watano na maboksi. Sisi tulitumia mabadiliko ya kampuni ya Soloy, wale wa jimbo la Washington kule Marekani, yaliyokuja na injini ya Allison 250 ya nguvu farasi 418. Injini yenyewe ina kilo sabini na kitu, wanaume wawili wanainyanyua, ndiyo maana ndege inatoka na pua ndefu ili mizani isiharibike. Siku ya kwanza tulipopaa kuelekea Kondoa nilinyamaza kwa raha. Na inakunywa Jet A-1, mafuta yale yale ya ndege kubwa. Ila inakunywa karibu lita 100 kwa saa, wakati pistoni ilikuwa haifiki 60. Tangi ni lile lile. Kwa safari ndefu piga hesabu upya, utakuta mafuta yamekula nafasi ya mzigo.

Hayo yote ningeyabeba. Kilichotuumiza ni ukurasa mmoja wa daftari la kumbukumbu za injini.

Ndani ya injini hii kuna magurudumu ya tabaini, madogo, la kwanza ni kadiri ya kisahani cha chai. Yale ya mbele yanazunguka zaidi ya mara 50,000 kwa dakika. Unapowasha, chuma kilichokuwa baridi kinapanda mamia ya nyuzi ndani ya sekunde chache. Unapozima kinarudi. Kinatanuka, kinasinyaa, kinatanuka, kinasinyaa. Kinachokizeesha ni huko kupanda na kushuka kuliko kule kuzunguka kwa utulivu angani. Ndiyo sababu mtengenezaji ameyapa maisha mawili: masaa na idadi ya kuwasha, lolote litakalotangulia. Kwa injini ya kwetu, gurudumu la kwanza na la pili yanatupwa yakifika masaa 1,775 au kuwashwa mara 3,000. Hakuna kuongezewa muda, hakuna kuzungumza na mtu.

Sasa chukua kalamu. Masaa 1,775 ukiyagawa kwa mara 3,000 unapata kama dakika 35. Maana yake, kama kila ukiwasha unaruka chini ya dakika 35 ndipo uzime, kuwasha kutaisha kabla ya masaa. Na wewe unaruka wapi? Umeandika mwenyewe: Mpwapwa, Kondoa, Manyoni, kushusha wahudumu wa afya na kurudi. Hizo ni dakika 20, dakika 30. Wewe ni mtu wa kuwasha, kama sisi.

Dalali alitutumia picha ya ukurasa wa masaa. Imetumia 900, imebakiza 875. Picha safi, mihuri imenyooka, injini imepigwa brashi inang'aa kama bajaji iliyotoka dukani leo. Kabla hamjanicheka, njooni niwaonyeshe hiyo picha muone kama nanyi msingelipa. Ukurasa wa kuwasha haukuwepo, nasi hatukuuliza, kwa sababu kwenye pistoni miaka yote tuliishi kwa masaa. Ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuifanya upya, ni masaa, oili ni masaa, kila kitu masaa. Ukurasa ule tulikuja kuuona baada ya injini kufungwa, fundi wetu alipokuwa anapanga makaratasi ya kupeleka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Akaniita. Hakusema kitu, akaweka kidole tu kwenye mstari.

2,710.

Injini ilitoka kwenye ndege iliyokuwa ikirusha watu visiwani. Kuwasha mara tatu kwa kila saa moja, miaka yote. Tulikuwa tumenunua masaa 875 ambayo hatungeyafikia kamwe, na mara 290 za kuwasha ambazo ndizo zilikuwa mali halisi. Kwa ratiba yetu ya kuwasha mara sita kwa siku, siku tatu kwa wiki, hiyo ni wiki kumi na sita. Miezi minne! Na bei tuliyolipa ilikuwa ya injini yenye nusu ya maisha.

Nilimpigia dalali. Nitamkumbuka mpaka nazikwa. Alinijibu: "Kaka, uliuliza masaa, nikakupa masaa." Alijua. Mtu anayeuza tabaini kila mwaka hawezi kusema hajui kwamba kuna safu ya pili kwenye daftari. Aliona watu wa pistoni wanakuja na hela mkononi, akatuuzia safu moja. Halafu akatupa na ushauri juu: "Msizime. Pakieni huku inaunguruma, mtaokoa kuwasha."

Tulifanya hivyo siku moja. Kwenye kiwanja cha vumbi upande wa Mpwapwa, propela inazunguka, mimi nimekumbatia boksi la chanjo. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kupokea dawa upepo ukamvua mtandio, ukabiringika kwenda mbele ya pua. Akaukimbilia ameinama, macho chini, mtoto mgongoni. Muuguzi wetu alimwahi akamvuta kwa pindo la kitenge, wote watatu wakaanguka kwenye mchanga. Propela ikizunguka kwa kasi haionekani, unaona kama hewa tu. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa anaamka, anatushangaa. Nilimwashiria rubani azime, na tangu siku hiyo tunazima kila kituo. Kila tukiwasha nilikuwa napunguza moja kwa chaki kwenye ubao wa hanga, banda letu la ndege, 211, 210, 209, mpaka sifuri. Baada ya hapo ndege ilikaa miezi saba ikisubiri magurudumu mapya, na hela iliyokwenda ilikuwa ya kujengea nyumba Ilazo. Vituo tulivyokuwa tunavihudumia vilipata chanjo kwa Land Cruiser, barabara zikiruhusu.

Kwa hiyo mwambie huyo dalali akutumie orodha ya vipuri vyenye ukomo wa maisha. Aitafute hata kama iko sanduku gani. Kila gurudumu lina mstari wake: namba yake, masaa yake, idadi yake ya kuwashwa tangu lizaliwe. Usikubali jumla ya injini nzima, maana magurudumu huhamishwa kutoka injini moja kwenda nyingine na kila moja linabeba historia yake. Akikuambia idadi ya kuwasha haikuandikwa, achana naye. Akikuambia "inakadiriwa", achana naye haraka zaidi. Halafu toa mara zilizotumika kwenye ukomo, gawa kwa mara unazowasha wewe kwa wiki, uone umenunua wiki ngapi. Bei ijadiliwe kwa wiki hizo.

Rubani wako: kabla ya yote afundishwe kuwasha. Betri dhaifu ndiyo adui, maana inazungusha injini polepole, na akifungua mafuta kabla kompresa, ile inayosukuma hewa ndani, haijafika asilimia 15 hivi ya kasi yake, moto unazidi hewa na joto linapaa. Kwenye injini yetu wakati wa kuwasha, sindano ya joto ikivuka nyuzi 810 una sekunde 10 tu, na 927 ndiyo dari. Mkono usitoke kwenye kifungio cha mafuta. Kuwasha kubaya kumoja kunaweza kukupeleka ovahoo hata kama daftari linasema umebakiza elfu mbili. Nunua betri mpya kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Gurudumu letu la kwanza liko hapa mezani ninapoandika, limekatwa kwa msumeno ili lisirudi sokoni. Kwa macho halina kasoro hata moja.

Muombe huo ukurasa leo. Akikutumia uweke hapa, funika majina, tuupigie hesabu pamoja mstari kwa mstari. Au njoo nao hangani, Jumamosi nipo mpaka saa tisa.