Furaha, lile gego halikuwa la utoto

Furaha binti yangu,

Umeniuliza ni dawa gani ya meno umnunulie Amani, sasa ametimiza miaka 6, na kama ile ya watoto yenye ladha ya matunda inastahili bei yake huko Lubumbashi. Nunua yoyote yenye floraidi, umtilie kiasi cha punje ya njegere, asubuhi na usiku. Mswaki umshikie wewe, mkono wake bado haufiki nyuma. Na baada ya mswaki, maji tu. Hilo unalijua tangu tukiwa mtaani Kadutu, hapa Bukavu.

Lakini kilichoninyima usingizi si dawa, ni huo umri. Mpeleke mwangani, afungue mdomo, uhesabu meno ya chini kutoka katikati kwenda nyuma. La 6 ndilo gego jipya, la kudumu. Halisubiri jino lolote ling'oke. Linaota kimyakimya nyuma ya meno ya utoto, ndiyo maana wazazi tunalidhania la utoto. Liking'oka, halioti jingine.

Mimi nilidhani hivyo. Ulikuwa na miaka 9, shavu limevimba, nikakubeba mgongoni hadi kwa yule mng'oaji. Akaniuliza, "Ni la utoto?" Nikajibu ndiyo, upesi, kama mtu anayejua. Likatoka na mizizi miwili mirefu, nawe ukalifunga kwenye karatasi ya daftari ili ulirushe juu ya bati. Jino la utoto likikaribia kung'oka, mizizi yake huwa imeshaliwa. Ile mizizi niliiona, Furaha. Nikanyamaza. Ukasubiri jipya, ukipapasa pengo kwa ulimi, ukiniuliza kila Jumapili. Leo jino la nyuma limelalia pengo hilo, chakula kinanasa, ufizi unavimba na kutoka damu upande uleule.

Mama yako alilaumu muwa, nami nikaitikia. Muwa una sukari, sikatai, lakini wenzako nao walikula muwa uleule na magego yao wanayo... Hapana, nisijitetee. Ni mimi niliyekukatia vipande tangu mchana hadi jioni, ukae umetulia mlangoni mwa duka. Vijidudu vya mdomoni hugeuza sukari kuwa asidi, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kuituliza. Wewe hukuyapa hata dakika kumi. Ungeumaliza muwa wote mara moja baada ya bugali, ingekuwa afadhali.

Kuhusu ile chai ya maziwa yenye sukari anayopewa Amani na bibi yake akiwa tayari kitandani: hiyo ni nyumba yenu, na mama mkwe wako namheshimu. Sisemi kitu. Usiku mate hupungua, basi. Baada ya mswaki, maji tu.

Ukishahesabu, niambie kama hilo la 6 lina doa jeusi kwenye mifereji yake. Likiwa nalo, pesa ya kuliziba nitatuma mimi. Wasiling'oe kabla hujanipigia.

Baba yako,
Bukavu